Mzee Wepukhulu, Mla Chuma wa Mikuyu Saba

Jumamosi hii, tarehe 29 Oktoba 1955, saa nne kamili asubuhi, Mzee Zakaria Wepukhulu atavua aproni yake ya turubai, ataitundika kwenye msumari wake pale banda la farasi, na kustaafu. Atakuwa amelitumikia Shamba la Farasi la Mikuyu Saba, hapa karibu na Kwanza, kwa miaka thelathini na moja, miezi miwili, na siku ambazo karani wetu Walubengo bado anazibishania.

Mimi ni Chesang, fundi wa ngozi wa shamba. Kamati ya wafanyakazi imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa, ati, hakuna aliyekaa na mzee muda mrefu kuliko mimi. Hilo ni kweli. Nimekaa naye tangu 1929, banda moja, benchi langu upande wa dirisha na farasi wake upande wa pili. Lakini leo ni Alhamisi, nimeshachana karatasi nne, chai imepoa, nimekaa na kusimama mpaka viatu vyenyewe vinanishangaa, na Walubengo amechungulia mara mbili akiuliza kama iko tayari aipige taipu. Ngoja kidogo, bana. Hii si orodha ya misumari.

Nianze na yaliyo rahisi. Mzee Wepukhulu alizaliwa Matulo, si mbali na mto Nzoia. Alifika hapa Agosti 1924, kabla reli haijafika Kitale, kwa miguu, siku mbili, na blanketi moja begani. Alitafuta kazi ya ng'ombe wa kukokota, maana ng'ombe aliwajua. Farasi alikuwa hajawahi kumwona kwa karibu. Wazee waliokuwapo siku hiyo walituapia kwamba aliuliza pembe za yule ng'ombe mwekundu zimepelekwa wapi. Yeye anakana mpaka leo, na akikana hucheka, kwa hiyo nimeamua kuamini.

Mwaka wa kwanza alikata majani. Mwaka 1926 akawa saisi, akapewa farasi wanne wa kuwatunza. Mwaka 1931 akawa saisi mkuu. Na mwaka 1940 akawa saisi mkuu tena. Aliyesoma vizuri ameona hapo katikati kuna jambo, kwa sababu mtu hawi mkuu mara mbili bila kushushwa mara moja. Nitafika huko. Ndiko kunakonifanya nisimame kila nikikaa.

Afadhali niseme mapema. Kila anayestaafu hapa hupewa barua ya utumishi yenye muhuri, na barua hiyo hunakiliwa kutoka daftari la wafanyakazi. Huko Matulo, mtu akirudi kutoka kazini, barua yake husomwa kanisani Jumapili ya kwanza, watu wote wakisikiliza, mkewe Nasambu na wanawe na wajukuu wakiwa benchi la mbele. Jumatatu hii Walubengo alinionyesha barua ya mzee kabla haijatiwa sahihi. Nzuri kabisa, na katikati yake kuna mstari huu: alishushwa cheo mwaka 1938 kwa kuharibu kinywa cha farasi kwa uzembe. Mstari mmoja katika miaka thelathini na moja, na ndio watu watakaoukumbuka wakitoka kanisani.

Mstari huo ni uongo. Najua kwa sababu uzembe huo ulikuwa wangu mimi.

Sasa nimesema, tuendelee. Ili mwelewe, lazima kwanza mjue jinsi mzee anavyofanya kazi yake. Lijamu ni kile chuma kinachoingia kinywani mwa farasi, na hatamu hufungwa pande zake mbili. Hakikai juu ya meno. Farasi ana sehemu ya ufizi mtupu, kati ya meno ya mbele na magego, na chuma hulala hapo juu ya ufizi na ulimi. Ukivuta hatamu, unavuta ufizi wa mtu. Wengi wetu tulijifunza hilo kwa kuambiwa. Mzee Wepukhulu alijifunza kwa kuonja.

Yeye, kama wanaume wengi wa umri wake, aling'olewa meno mawili ya chini ya mbele alipokuwa kijana, ndiyo desturi ya kwao. Ni desturi yetu sisi wa mlimani pia, na pengo hilo hata mimi ninalo. Nusu ya wanaume wa shamba hili walikuwa nalo. Aliyewaza kulitumia ni mmoja tu. Kila lijamu iliyoingia shambani, mpya au kuukuu, Mzee Wepukhulu aliichukua, akaingiza ncha yake katika pengo lake, akaiegemeza juu ya ufizi, akafumba macho na kuivuta kidogo kwa kidole. Akikunja uso, hiyo haikuingia kinywani mwa farasi wake hata meneja angeimba. Asubuhi za baridi za Julai alizikumbatia kwapani kwanza zipate joto, kwa sababu, alisema, hakuna anayependa kuamshwa kwa chuma baridi.

Ndipo tukamwita Mla Chuma. Mama mmoja wa Kizungu, mgeni kutoka Nairobi, aliwahi kuingia bandani akamkuta mzee amesimama na lijamu mdomoni, mate yanamtiririka kidevuni, akarudi nyuma mpaka akakanyaga ndoo. Mzee aliitoa, akaipangusa, akamwamkia kwa heshima zote, akamweleza kwamba hii rijamu ni mbaya, mama, inauma. Kwake kila lijamu ni rijamu, na hajawahi kuona haja ya kujirekebisha.

Basi, mwaka 1938. Tulikuwa na farasi jike wa miaka mitano, wa kahawia, doa jeupe puani, aliyezaliwa hapa hapa. Tulimwita Wasiwasi. Aliogopa jani likianguka, aliogopa ndoo, kofia, kivuli chake mwenyewe saa tisa alasiri. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, inzi akitua unaona mwili wote unashtuka. Alikuwa mzuri wa kukimbia kuliko wote, na ukimtia chuma alirusha kichwa juu chini mpaka mpanda farasi anapigwa pua.

Wengine wakasema ni mkaidi, atiwe lijamu kali, ile yenye mikono mirefu na mnyororo chini ya kidevu. Mzee akakataa. Alimfungua mdomo akaingiza kidole, akatuambia kinywa ni kidogo, ulimi ni mnene, paa la kinywa liko chini. Ile lijamu ya kawaida yenye kiungo katikati ikivutwa hujikunja, kiungo kinapanda juu na kumchoma paa. Si ukaidi, anaumia tu. Akaagiza asitiwe chuma chochote mpaka atakapompatia kinachomfaa, aongozwe kwa kamba ya puani tu. Kisha, wiki hiyo hiyo, akapata habari kwamba mamake amefariki, akaenda Matulo kuzika.

Meneja wa wakati huo tulimwita Bwana Saa, kwa kuwa hakumaliza sentensi bila kutazama saa yake ya mfukoni. Alikuwa na wageni wiki hiyo na alitaka kuwaonyesha Wasiwasi. Akaamuru atiwe lijamu ya kiungo. Masaisi wawili walihangaika naye asubuhi nzima, meno yameumana, hafungui. Hapo ndipo nikajitia mjuzi.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwetu mlimani ndama akikataa kamba, unampa chumvi. Si chumvi ya dukani. Kuna mapango huko juu ambako ukuta wenyewe ni chumvi, watu huchimba udongo wake na ng'ombe huulamba kwa raha mpaka wanafunga macho. Nilikuwa na mfuko wake chini ya benchi, nimeuleta kwa ajili ya mbuzi wangu. Nikaloweka konzi moja kwa maji, nikapaka lijamu yote, nene, mpaka ndani ya kiungo. Wasiwasi akanusa, akafungua mdomo mwenyewe, chuma kikaingia kama mtoto anavyopokea uji. Watu wakanipigia makofi! Bwana Saa akanishika bega. Nami, jamani, kichwa kikawa kikubwa. Nikafanya hivyo hivyo siku nne.

Sikufikiri. Udongo ule una mchanga ndani yake. Ng'ombe anaulamba kwa ulimi mgumu na kwenda zake, hakuna chuma kinachosugua juu yake. Kwa Wasiwasi mchanga ulikuwa kati ya chuma na ngozi nyororo, kila hatua unasaga, na pale palipochubuka chumvi inaingia. Siku ya nne, mbele ya wageni, Bwana Saa alipompanda na kuvuta hatamu, alisimama kwa miguu ya nyuma akamwangusha juu ya mawe. Mfupa wa bega ukavunjika. Damu ilitoka pembe zote mbili za mdomo wa farasi. Mimi nilikimbilia chumba cha matandiko, nikakipangusa kile chuma kwa kitambaa, nikakitundika, nikaurudisha mfuko wa udongo chini ya benchi na kuweka ngozi juu yake.

Mzee alirudi kesho yake, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Bwana Saa, mkono umefungwa shingoni, alikwisha kuamua. Lijamu ni kazi ya saisi mkuu, kwa hiyo kosa la lijamu ni la saisi mkuu, awepo asiwepo. Akaandika ule mstari daftarini, akamshusha mzee kuwa mtu wa gari la maji, na akasema Wasiwasi atapigwa risasi. Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kufungua mdomo. Mke wangu Chepchumba alikuwa na mtoto wa siku kumi nyumbani, na aliyefukuzwa hapa alitoka siku hiyo hiyo na sufuria zake kichwani, shamba la mahindi analiacha limesimama. Nikanyamaza. Sijitetei, naeleza tu.

Mzee hakujitetea pia. Aliomba jambo moja, siku tisa za farasi. Bwana Saa akatazama saa na kusema mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne. Kama farasi huyo hajavuka ua na kutoka lango kubwa na mtu mgongoni, kichwa kimetulia, bunduki itafanya kazi yake.

Kutoka hapo mzee alikuja moja kwa moja chumba cha matandiko. Mimi nilikuwa benchini najifanya kushona. Alikitoa kile chuma msumarini, akakigeuza mwangani, akakitia kinywani kama kawaida yake. Akafumba macho. Akakaa nacho. Kisha akakitoa, akatema mate nje ya mlango, akaniangalia kidogo, akakifunga katika leso na kuondoka nacho. Nilishusha pumzi, nikajiambia kitambaa changu kilifanya kazi vizuri.

Siku tisa hizo ndizo sitazisahau. Mchana kutwa mzee alisukuma gari la maji, na saa ya chakula, wenzake wakila, yeye alikuwa bandani na Wasiwasi. Siku tano za mwanzo hakumtia chochote. Alimwosha mdomo kwa maji ya uvuguvugu, akampaka asali. Siku ya sita akaanza kujaribu. Alifunga mpira wa gari kwenye chuma kinyoofu, Wasiwasi akachukia harufu yake. Akachukua lijamu nene iliyo wazi ndani, maana kila mtu anaamini lijamu ikiwa nene ndiyo isiyoumiza. Nami nikamwambia hiyo itafaa. Alinipa mpini wa nyundo, akaniambia niutie mdomoni, nifunge midomo, kisha nimeze mate. Sikuweza. Mate yakanimwagikia shati. Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu atoke mazikoni.

Siku ya saba akaja kwenye benchi langu. Alitaka lijamu ya ngozi tupu, isiyo na chuma hata kidogo. Ngozi ya ng'ombe ikunjwe mara tatu, isizidi unene wa kidole cha mwisho, iloweshwe na kukunjwa juu ya mchi ili katikati ipande kidogo na kuupa ulimi nafasi yake. Nikanyoosha mkono kuchukua ngozi. Akanizuia, akasema, "Nawa mikono kwanza, Chesang." Nikaona ni uzee tu, ananisumbua. Nikaenda nikanawa.

Niliishona mara tatu. Ya kwanza uzi ulikaa upande wa ulimi. Akaitia kwenye pengo lake, akanirudishia. Ya pili ilikuwa na ukingo mkali ambao mimi sikuuona wala kuugusa, ufizi wake uliuona. Ya tatu akakaa nayo mdomoni akizungukazunguka banda, anaongea na farasi kwa Kibukusu huku ngozi iko mdomoni, hata farasi nadhani hawakumwelewa. Ijumaa jioni akaipaka samli na kumpa Wasiwasi. Wasiwasi alitikisa masikio. Akaanza kuitafunatafuna taratibu, povu jeupe kidogo likatoka pembeni, na mzee akaniambia ndivyo farasi anavyosema ndiyo.

Jumamosi saa nne kasoro, watu wote walikuwa kwenye uzio. Bwana Saa alisimama langoni, bunduki imeegemezwa kwenye nguzo, saa mkononi. Mzee alipanda na aproni yake ile ya kuchotea maji. Akaachia hatamu zilegee, akamwacha Wasiwasi asimame atazame kila alichotaka kutazama, ndoo, kofia, bunduki, yote. Kisha wakatembea. Wakavuka ua, kichwa cha farasi kimeinama, kinatafuna. Langoni walipita karibu na Bwana Saa kiasi cha kumgusa, wakatoka, wakazunguka mkuyu wa kwanza, wakarudi. Bwana Saa alitazama saa yake, akachukua bunduki, akaenda kunywa chai.

Farasi alipona. Mstari ule ulibaki. Mzee alichota maji mwaka mmoja na miezi saba zaidi, na katika muda huo farasi wa shamba hili walichubuka vinywa kwa zamu, maana hakuna aliyeonja lijamu zao. Januari 1940 Bwana Saa alimwambia arudi bandani, bila maneno mengi, na bila kufungua daftari. Mwaka 1946 Bwana Saa akarudi kwao ng'ambo.

Mengine ya mzee mnayajua, nayataja kwa haraka kwa kuwa Walubengo yuko dirishani mara ya tatu. Mwaka 1944, wakati wa mvua ndefu, ugonjwa ulipoangusha farasi wa mashamba yote ya jirani, alilala bandani wiki tano na akaokoa kumi na mmoja. Mwaka 1947 alimpeleka Wasiwasi kwenye maonyesho ya Kitale na lijamu yake ya ngozi, wakashika nafasi ya pili. Mwamuzi alishangaa kuona farasi wa mbio ametiwa kipande cha ngozi, akauliza kama kweli inatosha. Mzee alimkaribisha aionje. Mwamuzi hakuionja. Amefundisha masaisi ishirini na watatu, na anayemrithi ni Kipketer, ambaye meno yake yote yako mahali pake na hulalamika kwamba amenyimwa kifaa cha kazi. Wasiwasi mwenyewe yupo, ana miaka ishirini na miwili, macho yameingia ukungu, na bado kofia humshtua.

Sasa nifike Jumanne ya juzi. Nilifikiri ingependeza watu waone kile chuma cha kiungo siku ya sherehe, kiwekwe mezani kando ya lijamu ya ngozi. Nikamuuliza mzee kama anakumbuka kilienda wapi. Akafungua sanduku lake la bati, akatoa leso iliyofungwa, akanipa, akaendelea kupanga vitu vyake. Leso ile ile. Nilirudi benchini, na kwa kuwa nilitaka kuandika vizuri jinsi anavyofanya, nikasema leo acha na mimi nijaribu, si nina pengo. Nikakitia kinywani, kiungo chake juu ya ufizi, nikafumba macho.

Chumvi.

Miaka kumi na saba, na bado ilikuwapo. Kitambaa changu kilipangusa nje, lakini ndani ya kiungo udongo uliganda, mwekundu, na mate yalipoufikia ukayeyuka juu ya ulimi wangu. Ni chumvi ya kwetu. Haifanani na nyingine yoyote, na katika Mikuyu Saba nzima wakati ule kulikuwa na mtu mmoja tu wa kutoka mlimani. Nikakumbuka alivyokaa nacho mdomoni. Nikakumbuka alivyoniangalia. Nikakumbuka nawa mikono kwanza, Chesang. Nilikaa chini pale pale sakafuni kati ya vipande vya ngozi na nikalia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Alijua tangu dakika ile. Alikuwa na ushahidi ndani ya leso yake, angeupeleka kwa Bwana Saa kabla wino haujakauka. Akasukuma gari la maji. Na kila asubuhi akipita nyumbani kwangu alijaza mtungi wa Chepchumba kwanza, kwa sababu ya mtoto. Mtoto huyo leo anasomea ualimu.

Leo asubuhi, kabla sijaandika neno la kwanza la karatasi hii ya tano, nilikwenda kwa meneja wetu wa sasa nikamweleza yote, chuma mkononi. Alisikiliza. Aliniuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii, nikasema barua itasomwa kanisani. Akaita daftari. Alipiga mstari juu ya maneno yale katika ukurasa wa Wepukhulu, akafungua ukurasa wa Chesang, akanipa kalamu niyaandike mwenyewe. Walubengo ana amri ya kuitaipu upya barua ya mzee. Kuhusu mimi, meneja amesema atafikiri mpaka Jumatatu. Chepchumba amejua mchana huu. Amesema tu kwamba nimechelewa, akaniwekea chakula.

Mzee hajui kwamba nimekwenda. Atajua Jumamosi, nikisoma karatasi hii mbele yenu, naye ameketi pale mbele na kofia yake magotini. Ninaogopa kidogo. Sijawahi kuogopa ngozi wala sindano maishani, lakini hii naiogopa.

Mzee Wepukhulu, kwa niaba ya masaisi, wakata majani, watu wa maji, karani, na mafundi wa Mikuyu Saba, tunakushukuru. Kwa niaba yangu peke yangu, nisamehe. Nenda Matulo salama, Nasambu akupokee na afya, barua yako isomwe kwa sauti kubwa mpaka nje ya kanisa wasikie, na kila asubuhi ya baridi ikukute chini ya blanketi, kwapani mwako hamna chuma.

Meneja amekubali Wasiwasi ndiye akutoe mpaka lango kubwa. Lijamu yake ya zamani imechakaa, kwa hiyo nimemshonea mpya, unene wa kidole cha mwisho, uzi upande wa nje, samli safi. Nilinawa mikono kabla ya kuigusa ngozi, na kila niliporudi benchini nikanawa tena. Nimekuwekea pale mezani, mzee. Usichukue neno langu. Ionje kwanza.